Hatua Kumi na Tisa

Kabla sijafagia, nahesabu:
hatua kumi na tisa toka langoni hadi ukuta wa mahakama,
kumi na mbili toka mkunazi hadi duka la fotokopi.
Ndiyo bustani nzima. Mheshimiwa, siku ya kukata utepe,
aliiita pafu la Malindi.
Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

Hapa palikuwa pa marehemu Athman Kombo,
muuza mafuta ya taa, baba wa wana watano wa kiume
na binti mmoja, Somoe.
Alipokufa, waligawana nyumba, duka, minazi ya Ganda,
mizani, hata madebe matupu.
Somoe akaambiwa: wewe una mume.
Alipoachwa akaambiwa: wewe una kaka.

Akalidai fungu lake kwa kadhi,
nusu ya la kaka, kama lilivyoandikwa, si zaidi.
Miaka kumi na moja.
Faili likapotea mara tatu.
Mara ya tatu alizikuta karatasi zake sokoni, zinafungia bajia.
Akanunua bajia zote,
akazipangusa karatasi mafuta, akarudi nazo barazani.

Wakampa hiki: kipande kisichotosha nyumba,
jaa la mtaa, paka na makumbi.
Wakadhani wamemkomoa.

Akapanda mkunazi. Akaweka mabenchi mawili.
Wanawake wenye kesi, wa Marafa, wa Gongoni, wa Mambrui,
waliozoea kungoja wima juani,
wakakaa.
Hotuba hakuwa nayo. Aliuliza tu:
risiti unayo? shahidi unaye?
jina lako umelitia mwenyewe, au umetiliwa?
Akaandika daftarini, majina mia nne na sita,
na mbele ya kila jina, alichonyimwa.
Kadzo, mbuzi wanane.
Mwanajaha, chumba na choo.
Dama, mikorosho.
Riziki, watoto.

Usiku mmoja mkunazi ukapigwa shoka.
Asubuhi alikuja akakalia kisiki,
akafungua daftari palepale alipoishia.
Mti ukachipuka ubavuni; ndiyo maana umepinda.

Kibao cha shaba kinasema SOMOYE, MAMA WA MJI.
Yeye alikuwa Somoe, na hakuzaa,
na ukimwita mama alikujibu:
mama wa nani? Mimi mdai.
Ya shoka hayakuandikwa, wala ya bajia.
Wajukuu wa kaka zake walikaa safu ya mbele,
wakapewa soda.

Mimi kaunti inanilipa kufagia,
kusimulia hakumo kwenye mkataba.
Ila leo, saa mbili asubuhi, kaingia mwanamke,
vumbi hadi magotini, faili ndani ya mfuko wa unga,
anauliza kama hapa mtu hulipa ndipo akae.

Nikauegemeza ufagio mtini.
Nikamwonyesha benchi.
Risiti, nikamuuliza, unayo?