Sifuri Nukta Nne

Chupa imeletwa maabara ya Ghala saa nne asubuhi,
mfuko una lakiri, sampuli ya kumi na saba:
kichupa cha kahawia, urefu wa kidole gumba.
Kimetoka Toronto ndani ya soksi ya Muadh
aliyekuja likizo kumwona bibi yake wa Ibra.

Lebo inasema: kileo, sifuri.
Imegongwa muhuri wa serikali ya huko,
ambako bangi huuzwa dukani kwa risiti
na kila tone lina nguvu yake iliyoandikwa,
hili la usingizi, hili la magoti,
hili ukilinywa usishike usukani.
Huko wanauliza: kiasi gani?
Huku tunauliza: ipo?

Haba na haba hujaza kibaba,
alinifunza mama, akipima mchele Ruwi
kwa kopo la maziwa alilotoka nalo Unguja.
Sheria ninayoitumikia haingoji kibaba.
Haba yenyewe ni kibaba, kimejaa, kinamwagika.

Nikadondosha, nikachanganya, nikafunga mlango wa mashine.
Nje nyuzi arobaini na sita; ndani kiyoyozi kinagonganisha meno.
Mstari ukaenda umenyooka kama barabara ya Haima,
kisha ukainua kichwa.
Sifuri nukta nne.
Nikarudia. Nukta nne.
Nikaosha mrija, nikarudia mara ya tatu,
wala utaratibu hautaki mara tatu.

Basi muhuri wa huko umedanganya,
au mpimaji wa huko, mtu kama mimi,
siku hiyo alikuwa na haraka,
na kijana yuko kwenye benchi la uwanja wa ndege
anaikariri ile sifuri kama dua.

Fomu ina visanduku viwili. Ipo. Haipo.
Hakuna pa kuweka nukta.
Nimeiandika pembeni kwa penseli,
ndogo, mguu wa sisimizi.

Saa nane, simu. Bi Thuwayba mwenyewe.
Namba kapewa na nani, sijui.
Kiswahili chake bado cha Ng'ambo, hakijapauka.
Hakulia. Hakuniomba kitu cha kunifukuzisha kazi.

"Mwanangu, nilimaliza mbili kabla ya hiyo.
Magoti yakanyooka. Nikasali nimesimama
tangu Shaabani mpaka juzi.
Nimekwisha sikia kuwa ipo.
Wewe niambie kiasi.
Nataka kujua nilipe sala ngapi."

Nikaivuta penseli.
Matone matatu, asubuhi na jioni,
nikaanza kuzidisha.