Jumanne, Kodiaga

Akeyo kaleta sabuni na sukari robo.
Askari kaionja kwa kidole.
"Wa kitanzi?"
"Wa kitanzi."

Kitanzi chenyewe hakijavutwa tangu themanini na saba;
sheria haijakifungua, wala haijakikaza.
Ng'ambo ya ziwa, Uganda, Tanzania, vivyo hivyo:
kimetundikwa, kinashika vumbi.
Rwanda walikikata.
Shemeji wa Kigali alisema kwenye simu,
"Huku Obuya angekuwa na miaka ya kuhesabu."

Obuya hahesabu.
Dirishani huuliza bei ya omena,
huuliza kama mlango wa nyuma umetengenezwa,
ule unaogonga usiku upepo ukitoka Winam.

Ulitengenezwa mwaka juzi, bawaba mpya, komeo jipya.
Akeyo hujibu,
"Bado. Unakungoja wewe."