Saa Iliyosimama

Shirikisho letu lina vyuo vitano na wavu mmoja.
Ualimu, uuguzi, ardhi, reli,
na wale wa nyuki, ambao kila mwaka hufika wamechelewa
na galoni la asali la kumlainisha mwamuzi.
Mimi ni katibu. Nilianza daftari hili likiwa bado na jalada.

Julai, Tabora. Mchanga unaingia mpaka kwenye meno.
Alfajiri tunachora njia za mbio kwa majivu,
maana chokaa tuliiomba kwa barua
na barua ingali mezani kwa mtu.
Saa tatu upepo unafuta njia ya sita.
Basi tunakimbiza watano.
Upepo nao unajua hesabu.

Mgeni huniuliza: bingwa wenu yuko wapi?
Namjibu: ameshahitimu.
Ndicho chuo cha miaka miwili.
Mwaka wa kwanza mtu anajifunza bomba lipi lina maji,
foleni ya ugali inaanzia wapi,
kona inakatwaje bila kukanyaga majivu.
Wa pili anakimbia kweli. Mara moja.
Halafu cheti, begi, tiketi ya Mpanda,
na jezi namba saba inabaki kambani
ikimngoja mwingine ambaye haitamwenea.
Timu haizeeki hapa. Anayezeeka ni mwenye kalamu.

Lakini Milembe wa uuguzi, huyo nitamsema.
Mwaka wake wa kwanza, mita mia nane, peku,
aliongoza mzunguko mzima kama mtu anayefukuzwa na nyuki.
(Watu wa nyuki walishangilia; walijua wanachokiona.)
Mzunguko wa pili ukamdai deni, pale kwenye kona ya choo.
Niliandika: wa nne, amelia kidogo.
Neno "amelia" nililikata baadaye.
Bado linasomeka.

Mwaka uliofuata alikuja na raba za kuazima,
za kijana mmoja wa reli, vidoleni zimejazwa magazeti.
Akakaa nyuma, mtulivu,
kama abiria aliyeizoea treni ya Mwanza:
itachelewa, ila itakuja.
Ikaja.
Kashindye wa ualimu, aliyekuwa mbele,
aligeuka kutazama ni nani anayehema hivyo,
na shingo ikigeuka, mguu umeshauzwa.

Mkononi nilikuwa na saa ya shirikisho, hiyo moja.
Nilibonyeza alipokata utepe
(utepe ulikuwa bandeji; uuguzi walichangia).
Nikatazama: dakika moja, sekunde arobaini na moja.
Hakuna mwanamke duniani aliyekimbia hivyo.
Saa ilikuwa imesimama yenyewe huko nyuma, kwenye kona.
Yeye hakusimama.

Wakufunzi walibishana mpaka soda zikapata joto.
Ardhi walitaka wapime upya uwanja kwa kamba.
Reli walisema, andika hivyo hivyo, nasi tupate sifa.
Niliandika: *Wa kwanza. Saa ilisimama.*
Ndiyo rekodi yetu ya mita mia nane mpaka leo.
Hajatokea wa kuivunja,
kwa kuwa hatujui tuanze kuigonga wapi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, presha ilinilaza Sikonge.
Asubuhi akaja muuguzi, amenenepa kidogo,
saa imebanwa kifuani mahali pa medali.
(Medali hatukuwahi kutoa. Tulitoa sahani na mche wa sabuni.)
Akanishika kifundo cha mkono.
Vidole vikavu, vya haraka.

Nikasema: Milembe. Ile siku ya bandeji.
Mwenyewe unadhani ulitumia dakika ngapi?

Hakunitazama. Macho yalikuwa kwenye mshale mwembamba,
midomo ikitembea bila sauti.
Akainua kidole kimoja:

"Usiongee, Mwalimu. Nahesabu."