Hadi Nne

Nilianza na kaunta buku, rula ya mwanangu,
na kalamu mbili: nyeusi ya waliokufa,
nyekundu ya sisi tunaopumua.
Juu kabisa nikamwandika yeye,
Zafarani binti Abdallah, wa Ujiji,
mama wa Sikudhani, mama wa Mwavita, mama wa mama yangu.
Mimi ni kilembwe. Neno hilo nililitafuta kwenye kamusi.

Miaka miwili nilimsaka Abdallah.
Mjomba Hamdani alinipa Abdallah wa kilemba,
mfanyabiashara wa Maskati, mwenye punda weupe kumi na wawili;
akimsimulia, mjomba mwenyewe alikaa wima zaidi.
Nikaenda Kitongoni nikasoma makaburi,
yenye maandishi na yenye kokoto tu.
Nikapanda treni ya usiku hadi Tabora,
kwa karani mstaafu mwenye daftari kuukuu la kodi ya vibanda:
Abdallah arobaini na mmoja,
wapagazi, wachoma matofali, kinyozi mmoja.
Hakuna aliyemzaa.

Bi Nyota Feruzi, mwosha maiti wa Kasimbu,
alikuwa anapara migebuka. Hakuinua uso.
"Abdallah gani, mwanangu? Mja wa Mungu huyo.
Ndiye baba wa kila aliyeshushwa mtumbwini
asiweze kusema baba yake ni nani.
Na siku ya kaburi, kwenye talakini,
walipofika pa jina la mama
wakamwita binti Hawa."
Kisu kiliendelea. Gamba moja likaninasa mkononi.
"Na Zafarani ni kiungo cha pilau.
Waliompa ndio waliomnunua."

Kumbe jina alilolichagua mwenyewe ni moja tu,
la mwanawe:
Sikudhani.

Mwacha asili ni mtumwa.
Shuleni Mwanga tuliiandika mara kumi, kwa mwandiko mzuri.
Hakuna aliyetuuliza
habari za aliyeachishwa.

Mjomba hakupokea simu wiki tatu.
Kisha akatuma ujumbe wa neno moja: Futa.
Sikufuta.
Mahali pa baba nimepaacha peupe, na mahali pa mama,
na weupe wenyewe nimeupigia mstari.

Mwalimu wa mwanangu anataka mti wa ukoo wenye matawi,
kwenye karatasi ya manila, na majani ya kijani.
Sisi tumeota mchikichi.
Hauna tawi hata moja. Una shina,
na shina lote ni makovu ya makuti yaliyokatwa,
na mkwezi huweka mguu pale pale penye kovu.

Kitu kimoja kimebaki, nacho hakina karatasi.
Bibi Mwavita akipima mawese kwa kopo
alihesabu moja hadi nne kwa lugha ya ng'ambo ya ziwa,
kwenye tano akaingia Kiswahili,
sita, saba, hadi debe lijae.
Tulimcheka. Tulidhani ni kwa ajili yetu.
Akasema mama yake alihesabu hivyo hivyo,
na mama wa mama yake;
tano ya kule haikufika Ujiji.

Mtoto wa umri gani anajua nne, hajui tano?
Wangu alikuwa na miaka mitatu na miezi.
Alihesabu vidole vyangu, akaruka gumba.

Jana usiku umeme ulikatika. Nikafunga daftari
nikawahesabu gizani kwa maneno yale manne,
ambayo hapa siyaandiki, nisije nikayakosea:
Zafarani,
Sikudhani,
Mwavita,
Mama.

Nikajigusa kifuani.
Tano.