Kiberiti Kwenye Pindo la Kanga

Somoe amefungua pindo la kanga.
Nilidhani pesa. Ni kiberiti.
Amekiweka mezani kwa ncha za vidole,
akageuza uso ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi.
"Cha mtoto," akasema. "Cha alfajiri."
Ndani, juu ya kipande cha jani la mgomba,
kiasi cha korosho moja.

Umeme umekatika tangu saa tatu.
Nimeisogeza hadubini dirishani,
nikageuza kioo chake mpaka kikanasa jua la Kitangari,
jua lile lile linalotukaushia lambo.
Tone la maji ya chumvi. Njiti. Kigae chembamba.
Na pale, ndani ya duara la mwanga,
yakajitokeza:

moja la dhahabu, ganda na manundu kama stafeli;
moja kama kipipa, limezibwa huku na huku;
na yale ya safura, membamba ganda, angavu,
mazuri, Mungu anisamehe,
mazuri kama shanga za mwali.
Nilihesabu hadi arobaini, nikaacha.

Nje, kwenye benchi, mkwewe Binti Nalinga
anawafundisha wagonjwa wangu:
"Kila mtu kazaliwa na chango lake.
Ukilishibisha, linalala. Ukilinyima, linakukoroga.
Mjukuu wangu hali, ndiyo maana linalia."

Anakula, bibi.
Anakula kwa niaba ya wengi.
Mkalipa, miaka sita, tumbo mbele kama mwenye cheo,
miguu njiti za kiberiti hicho hicho.
Nimemvuta kope ya chini:
kweupe, kopa la muhogo.

Nauliza maswali yangu, nayajua kama salamu.
Maji mnachota wapi?
"Bombani."
Na bomba likikata?
"Likitoka ndiyo tunashangaa. Tunashuka bondeni."
Mnachemsha?
Akanitazama muda mrefu.
"Ndoo mia saba, daktari. Maji nimeyanunua,
niyanunulie na kuni?"
Mimi si daktari. Sikumsahihisha.

Choo?
Kilibomoka masika yale.
Tangu hapo wanakwenda mikoroshoni,
na mikoroshoni ndiko mabibo yanakoanguka,
na bibo likianguka mtoto hangoji kuitwa:
analifuta kwenye kaptura, mara moja, kwa adabu,
kisha analiuma.
Na ming'oko ikirudi kutoka porini
inaoshwa yote kwenye karai moja,
udongo unabadilisha mahali tu.

Nimempa kidonge cha kutafuna.
Mkalipa katafuna, kalamba midomo,
kauliza, "Kingine?"
Benchi zima limecheka, hata Binti Nalinga.
Mimi nimecheka pia, huku najua:
watatoka wiki hii,
na kabla mvua haijakata
watarudi kwa mlango ule ule,
kwa mkono ule ule, bila hodi.

Somoe amekiomba kiberiti chake.
Nimemwambia kinachomwa moto.
"Basi nipe njiti," akasema. "Zimebaki sita,
nilizimwaga hapo kwenye leso."
Zilikuwa zake. Nilimhesabia.

Jioni nimefunga dirisha nikaondoka.
Njiani, karibu na uzio wa shule, bibo jekundu,
limeanguka sasa hivi, bado linatoa harufu.
Koo kavu tangu asubuhi; dumu la ofisini lilikuwa tupu.
Nikalifuta kwenye koti jeupe, mara moja, kwa adabu,
nikaliuma.

Doa la bibo halitoki. Waulizeni wafuaji wa Newala.
Nimelivaa koti hilo wiki tatu,
kila mtu analiona, hakuna anayesema,
mpaka leo alfajiri nimeamka na kiberiti changu,
nikakaa dirishani kungoja jua.

Daftari, ukurasa mpya. Namba thelathini na moja.
Jina: kalamu ikasita, nikaandika langu.
Juu yake, namba thelathini, mtoto wa mtu, jirani yangu.
Dhahabu. Pipa. Shanga.
Kwenye safu ya majibu, chini ya yake,
nimeandika:
hali kadhalika.