Nafasi Tatu za Fomu

Saiba ya Famau hufungwa baada ya Isha.
Nimebakisha dakika ishirini,
nafasi tatu tupu kwenye fomu,
na kibodi iliyong'oka herufi N,
hata neno "nafsi" nalianza kwa ncha ya ukucha.

Vyuo vyote vina nyasi.
Kwenye picha zao wanafunzi wamejilaza, wanacheka,
vitabu vimefungwa.
Najiuliza elimu hii ya nafsi wanaisomea wapi,
ikiwa hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Mama anataka Mombasa, kwa kuwa yuko shangazi,
na shangazi ana chumba.
Mwalimu Bwanaheri anataka Nairobi: jina, asema,
jina ndilo lifungualo mlango.
Binamu yangu Shekue alisoma Eldoreti mwaka mmoja,
akarudi na sweta tatu, cheti hana.
Jirani, bila kuulizwa: "Kusomea wazimu, mwana wa watu?
Usiye ukautia nyumbani."

Nyumbani umo tayari, ila hatuuiti hivyo.
Twasema Khala Mwanakheri amechoka.
Alichoka siku ya arubaini baada ya kujifungua;
mtoto sasa ameng'oka meno ya mbele,
naye bado amechoka.
Amenyweshwa kombe, amefukizwa ubani,
amevushwa Mokowe akarudishwa,
daktari kijana akampa vidonge vya kichwa
bila kuyainua mato kwenye karatasi.
Siku moja, tumekaa dakani, akaniambia:
"Ni kama nimo birikani, nanyi mwanena kule yuu."
Nikaliandika nyuma ya daftari la hesabu.
Sijalionyesha kwa mtu.

Baba ni fundi wa friji.
Akiletewa iliyogoma, haifungui kwanza;
huegemeza sikio mgongoni mwake, akafumba macho,
akawaambia watoto wa mtaa wanyamaze.
Alitaka nisome uhasibu. Jana usiku, akila,
alisema tu: "Waulize wana sikio gani."
Akaomba chumvi.

Basi leo asubuhi nikanunua vocha ya mia, nikapiga.
Cha kwanza: bonyeza moja, bonyeza tatu,
muziki, muziki, hamsini ikayeyuka.
Cha pili: sauti nzuri ya mwanamume
ikanipa karo ya muhula, karo ya bweni, akaunti ya benki.
Nikauliza: mwanafunzi hukaa na mgonjwa wa kweli mwaka gani,
na nani hukaa naye?
Akarudia karo.

Cha tatu ni kidogo, kiko bara,
hata Mwalimu Bwanaheri hakijui.
Aliyepokea alikuwa na mafua.
"Sijui, mdogo wangu. Usikate, nikuulizie."
Nikasikia kiti kikisukumwa,
kandambili zikienda,
mlango ukibishwa, kisha mlango mwingine,
mtu akicheka mbali,
kandambili zikirudi.
"Mwaka wa tatu. Kila Jumatano. Mwalimu yumo chumbani.
Na ukilemewa, wewe nawe una wa kukusikiliza."
Halafu, kama aliyekumbuka kitu:
"Nani mgonjwa kwenu?"

Salio likaisha, au nilikata mimi.
Sikumbuki vizuri.

Famau anazima feni. Hiyo ndiyo ishara yake.
Karo yao iko juu kidogo. Hakuna shangazi.
Baridi iko; labda Shekue ataniazima sweta.
Huenda mwenye mafua atakuwa ameshahama kazi.
Huenda darasani watanifundisha kwa lugha
isiyo na birika.

Nakiweka cha kwanza.
Mombasa ya pili, kwa ajili ya Mama.
Ya tatu naiacha wazi.

"Imegoma?" Famau auliza, akiinamia kibodi.
"La," namwambia,
na ukucha wangu unaitafuta N.