Chumvi Nyingi

Mgeni akionja chai yetu hutua kikombe,
husema ahsante, nimeshiba.
Sisi hatuonji kitu. Ulimi ulishazoea
kama pua ya muuza ng'onda.

Kisima kiko uani, hapa Langoni,
mdomo wake umekwaruzwa na kamba za mabibi sita.
Mama alikirithi pamoja na nyumba,
na kata ya kifuu, na samaki wawili wadogo wa birika
ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu.
Mwaka ule wa ukame wakaelea, matumbo juu.
Tukaleta wengine. Nao vivyo hivyo.
Tulidhani joto.

Hata sufuria ilisema:
kila wiki ilivaa gamba jeupe ndani,
nami nikilikwangua kwa kijiko, nikilimwaga, nikisahau.
Baba alipoanguka mlangoni, kiatu kimoja mguuni,
tulisema moyo umesimama, ajali imefika.
Ni kweli, ilifika.
Lakini siku hizi nalifikiria lile gamba.

Nesi Kadzo alikuja na chombo chake mfukoni,
akamfunga Mama mkono, akaminya, akasikiliza.
Mia na sabini na nane kwa mia na nne.
"Ana umri gani?"
"Amekula chumvi nyingi," nikajibu kwa adabu,
jinsi tuwasemavyo wazee wetu.
Kadzo hakucheka. Akaomba maji.
Funda la kwanza akalimeza,
la pili akalitema kwenye chungu cha asumini
iliyokauka tangu Rajabu.
"Bado anaila," akasema.

Hakuapa. Alisema huenda ni damu ya ukoo,
huenda ni ng'onda, huenda ni huzuni ya mjane,
hakuna aliyeupasua moyo akakuta jina la kisima.
Ila mvua zimepungua na ndoo zimeongezeka,
na bahari haibishi hodi:
hupita chini, taratibu, mpaka uani kwa watu.
Chumvi ya mchuzi unaiona ikidondoka mkononi.
Hii humtawadhisha mtu, humpikia uji, humpoza kiu,
na mshipa unakaza
kama kamba iliyolowa ikaanikwa, ikalowa tena.

Basi nikanunua maji ya Shela, madumu mawili kwa siku,
yaliyochujwa na mchanga wa vilima.
Mama aliyanywa akakunja uso:
"Mai haya hayana mtu ndani."
Nikamwonyesha daftari, nambari zikishuka
mia na sabini, mia na hamsini na tisa.
Akalisukuma kando, akafumba macho,
akanijibu kwa namna wanavyojibu wanawake wa nyumba hii:

*Kisima cha nyumba hii, hukikuti cha mfano,*
*Mai yake sichukii, yameniotesha meno,*
*Kwa chombo chenu sitii, hicho kibanacho kono,*
*Moyo wangu si wa duka, kupimwa kama ni ngano.*

Nitasema nini? Vina vilitimia.
Mimi nina nambari tu, na nambari hazina vina.

Nikakiwekea kisima kifuniko cha mbao.
Cha kufulia, nikasema, na cha kumwagia choo.
Mama aliitikia upesi mno.

Usiku wa Ijumaa niliamka.
Mbao ikasugua jiwe.
Kata ikagonga ukuta ikishuka, tk, tk,
kisha kimya cha kisima,
kisha koo la mtu mzima likinywa kwa pupa ya mtoto,
likipumzika, likinywa.
Ningeweza kutoka. Nililala nikihesabu mapigo,
sijui yangu au yake.

Asubuhi nikamfunga mkono.
"Umelala vyema, Mama?"
"Vyema sana."
Mia na sitini na sita kwa tisini na nane.
Nikaiandika kwa wino.
Pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
kata moja.
Labda mbili.